Kujaribu pikipiki ya safari kabla ya kuinunua: anza na yale ya polepole

Muuzaji akikukabidhi ufunguo, mara nyingi anakupa na njia ya kupita: toka getini, nyoosha na lami, geuka kwenye mzunguko, rudi. Robo saa imekwisha. Utarudi unacheka peke yako ndani ya kofia, naye alilijua hilo kabla hujawasha. Kwenye lami iliyonyooka, kwa kilomita 80 kwa saa, karibu kila pikipiki ya safari (ile ndefu, ya lami na ya njia mbovu) iliyotengenezwa miaka hii ni tamu. Injini inavuta, breki zinashika, umekaa wima unaona mbali kuliko wenye magari madogo. Umejifunza nini? Kwamba pikipiki ni kitu kizuri. Hilo ulikuja nalo kutoka nyumbani.

Mimi ni mwanamke wa sentimita 161, na marafiki wakienda kununua hupenda kunibeba. Si fundi. Ni kwamba kimo changu kimenizoeza kuangalia mambo ambayo warefu huyaruka. Na kwa nilivyoona, pikipiki hizi haziwashindi watu kwenye mwendo kasi. Zinawashinda chini ya kilomita kumi kwa saa: kugeuza kwenye njia nyembamba, kusimama penye mteremko, kuisukuma kinyumenyume, kuiinua ikilala. Kwa hiyo mimi huupindua mpangilio wa muuzaji. Kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha mwendo wa miguu, kisha njia mbovu, na kasi inakuja mwisho kabisa, muda ukibaki.

Kabla hujatoka nyumbani

Vaa utakachovaa safarini, hasa buti. Soli nene inakuongezea kimo, na kwa sisi wafupi hicho ndicho kinachotenganisha kukanyaga na kuning'inia. Buti hizo hizo pia huleta shida kwenye kikanyagio cha gia; kama ncha ya kiatu haipiti chini ya gia vizuri, ujue leo, ingawa kikanyagio hicho kwa kawaida kinaweza kupandishwa kidogo. Glavu zako, kofia yako, jaketi lako. Kofia ya kuazimwa dukani itakudanganya kuhusu kelele za upepo.

Beba kipimo cha upepo wa tairi, tochi ndogo, na futi ya fundi cherehani. Pima urefu wa mguu wako kwa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni, ukiwa na buti. Namba hiyo itakusaidia kuliko urefu wako wote.

Piga simu mapema uulize mawili. La kwanza ni bima: nikianguka, nani analipa, na mimi nitabeba kiasi gani? Jibu la "usijali" halitoshi. Liwe kwenye karatasi utakayotia saini, uisome kabla ya kupanda. La pili ni muda. Omba saa nzima. Wakikataa, omba uje siku ambayo duka halina watu. Wakikataa tena, tafuta wanaokodisha aina hiyo hiyo uilipie siku moja. Ukilinganisha na bei ya pikipiki, hiyo ni hela ndogo, na hakuna atakayekuwa anatazama saa.

Injini ikiwa imezimwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na hapa ndipo muuzaji huanza kuhema.

Urefu wa siti ulioandikwa kwenye karatasi ni mwanzo tu. Royal Enfield Himalayan ya sisi 411 (yaani cc, ukubwa wa injini) ina milimita 800. Suzuki V-Strom 650 ina 835. Honda Africa Twin ya sisi 1,100 inakuja na siti ya kupangwa, 850 au 870. Yamaha Ténéré 700 ya kawaida ina 875. Ukizisoma utadhani umeshapata jibu, kumbe bado. Siti pana inakutanua mapaja, na sentimita zinaishia huko pembeni kabla hazijafika chini. Siti nyembamba iliyo juu zaidi yaweza kukufaa kuliko pana iliyo chini. Halafu kuna shokapu: ukikaa, pikipiki inazama, na inazama kwa kadiri ya uzito wako na jinsi springi ilivyokazwa. Kwa kawaida hupangwa ili ukikaa itumie karibu theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Yenye mwendo wa milimita 200 itazama kama 60. Mtu mwepesi akipanda iliyopangwa kwa mtu mzito, au kwa abiria na masanduku, haizami, naye anaondoka akiamini pikipiki ni ndefu mno kwake. Omba walegeze springi ya nyuma kabla hujahukumu. Nyingine zina kifundo cha kuzungusha kwa mkono, kazi ya dakika moja.

Zipo pia zinazojishusha zenyewe. Harley-Davidson Pan America iliyotoka 2021 ina toleo linaloinama ukikaribia kusimama, na kuinuka ukiondoka. Kama utaijaribu, zingatia kasi ya kuinama: ukifunga breki ghafla, imewahi kushuka kabla mguu wako haujahitajika?

Usijisumbue kukanyaga kwa miguu yote miwili. Mimi karibu siku zote nasimama kwa mmoja: natelezesha makalio kando ya siti, mguu wa kushoto unakanyaga kabisa, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Fanya hivyo pande zote mbili. Ukiweza kushoto tu, bado kuna siku barabara itainama upande usiofaa.

Sasa iinue kutoka kwenye stendi ya pembeni. Ukiwa juu yake kwanza, kisha ukiwa umesimama kando yake. Nyingine zinalala sana kwenye stendi, na kuisimamisha wima kunahitaji msukumo wa mguu mzima. Isukume hatua kadhaa mbele, kisha kata usukani mpaka mwisho na uizungushe ukiwa kando yake. Uzito wenyewe si siri: Ténéré 700 ni kama kilo 204 ikiwa na mafuta, BMW R 1250 GS ni kama 249. Lakini kilo hazisemi ziko wapi. Injini ya GS ina silinda mbili zilizolala pembeni, uzito uko chini, na watu wengi hushangaa kuona inasukumika kuliko namba yake inavyotisha.

Angalia mafuta kabla hujafurahia wepesi wowote. Lita moja ya petroli ni karibu robo tatu ya kilo. R 1250 GS Adventure inabeba lita 30, yaani zaidi ya kilo 20, na zote ziko juu, mbele ya kifua chako. Pikipiki za majaribio hupenda kukaa na tangi lililokauka. Nunua mafuta kwa hela yako, jaza, halafu sukuma tena. Sijaona mtu akijutia hela hiyo.

Kisha simama kwenye vikanyagio. Iweke kwenye stendi ya kati, au mtu aishike. Simama kama utakavyosimama kwenye njia mbovu: magoti yamelegea kidogo, viwiko nje, macho mbali. Mikono imefika kwenye usukani bila kuinama? Ukiinama kama unayeosha vyombo, mgongo utakulaumu jioni. Warefu wengi hukuta usukani uko chini, na unaweza kuinuliwa kwa vipande maalumu. Wafupi shida yetu ni tangi, kwa kuwa likiwa pana magoti yanalazimika kufunguka na hatuna pa kubana. Tangi halibadilishwi. Angalia pia kama kioo cha mbele kinakuja usoni ukisimama na kusogea mbele, kama utakavyofanya kwenye kupanda mlima.

Klachi na breki: vidole viwili vinafika? Kama mpini una kifundo cha kuusogeza, usogeze. Pindisha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Mikono ikinyooka kabisa upande wa nje, ujue kugeuza mahali pembamba kutakuwa kazi.

Mwendo wa miguu

Washa. Mwombe muuzaji uwanja au maegesho matupu kabla hujatoka barabarani. Hakuna anayekataa hilo, kwani unamwonyesha kuwa unajali mali yake.

Nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, klachi nusu, breki ya nyuma imebanwa kidogo. Usifungue eksileta zaidi ya unywele. Unachosikiliza ni mshtuko: ukifunga eksileta na kuifungua tena, injini inapokea taratibu au inaruka? Injini zenye nguvu nyingi na eksileta ya umeme huweza kuwa na tabia ya kuruka hapo mwanzoni, na tabia hiyo ndiyo itakayokuangusha kwenye mawe. Badilisha modi (mipangilio ya injini unayoichagua kwa kitufe), jaribu ile ya mvua au ya nje ya lami, uone kama inatulia.

Geuza duara kamili kulia, kisha kushoto. Usishangae kuona upande mmoja unakushinda. Wengi wetu tuna upande mmoja mbovu. Jiulize tu kama pikipiki inakusaidia. Tazama inapotaka kuangukia ndani na kama kufungua eksileta kidogo kunaisimamisha. Chora namba nane. Simama kabisa katikati ya kona na uondoke tena bila kunyoosha usukani. Hilo moja linaniambia mengi kuliko kilomita 20 za barabara kuu.

Honda wanauza Africa Twin yenye DCT, isiyo na mpini wa klachi, inayobadili gia yenyewe. Ukiijaribu, mkono wa kushoto utatafuta kitu na kukosa. Jipe muda. Kwa mwendo wa polepole kila kitu kinahamia kwenye breki ya nyuma na mkono wa kulia. Wapo wanaoipenda moja kwa moja, na wapo ambao hawazoei. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kusoma.

Tafuta mwinuko. Simama katikati, ondoka. Kisha tafuta mahali ambapo ardhi imeinama kwa pembeni na usimame hapo mara mbili, ukikanyaga juu na ukikanyaga chini.

Njia isiyo na lami

Wauzaji wengi watakataza, na wana haki. Muulize waziwazi. Wakati mwingine ruhusa ipo kwa kipande cha changarawe karibu na duka, na kipande kifupi kinatosha. Kama hakuna kabisa, hapo ndipo siku ya kukodisha inapojilipa.

Kabla ya kuingia, pima upepo wa tairi na uangalie ni tairi za aina gani. Usihukumu pikipiki kwa tairi zake. Zenye meno makubwa zitavuma na kutetemeka kwenye lami, za lami zitaelea kwenye changarawe, na zote hubadilishwa. Kisichobadilishwa kirahisi ni ukubwa wa rimu ya mbele. Inchi 21, kama ya Ténéré au Africa Twin, hupanda mawe na mashimo bila ubishi, lakini kwenye kona za lami huitika taratibu zaidi. Inchi 19, kama ya V-Strom 650 au GS, ni suluhu ya katikati. Inchi 17, kama ya Kawasaki Versys 650, ni ya lami, hata kama umbo lote la pikipiki linakuambia vingine. Uliza pia kama tairi ina tyubu ndani. Ténéré 700 ina tyubu. Spoki za GS zimefungwa ukingoni mwa rimu, kwa hiyo haihitaji. Tairi isiyo na tyubu unaiziba kwa mpira wa kupachika na kuendelea. Yenye tyubu unaivua pembeni mwa njia, na ni heri uwe umejifunza.

Simama kwenye vikanyagio na uiache itikisike chini yako. Mikono ilegee. Ikiwa unajikuta umening'inia kwenye usukani, uzito wako hauko pale unapotakiwa kuwa. Halafu breki: mwendo mdogo, njia imenyooka, bana ya mbele taratibu, kisha ya nyuma kwa nguvu. ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge, itagonga chini ya mguu. Uliza jinsi ya kuizima kwa gurudumu la nyuma, au kwa yote mawili kama modeli inaruhusu, na kama mpangilio unarudi mwanzo ukizima ufunguo. Mara nyingi unarudi, na utakuwa unabonyeza kila unapomaliza kunywa maji. Kwa wengine ni jambo dogo. Mimi linanikera.

Kasi, hatimaye

Sasa nenda kwenye hiyo lami. Upepo ndio wa kuangalia kwanza. Kioo kirefu si lazima kiwe kizuri, kwani mara nyingi ukingo wake unatupa upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye kofia, na kichwa kinatikisika mpaka macho yanachoka. Barabara ikiwa tupu, inuka kidogo kutoka kwenye siti, kisha inama. Ukipata mahali ambapo kelele inakatika, umejua kioo kinatakiwa kipande au kishuke. Kwangu mimi, mara kadhaa kioo kifupi zaidi kilikuwa dawa.

Katika gia ya juu, toka kilomita 80 hadi 110 bila kushusha gia, kama unavyolipita lori. Sikia mtetemo unapoanzia na uangalie vioo vya pembeni: bado unaona gari la nyuma, au ni ukungu? Injini ya silinda moja hutetema zaidi, na kwa matumizi mengi si tatizo, ila kama safari zako ni za saa sita za lami, lipime. Funga breki kwa nguvu mara moja, nyuma kukiwa wazi. Shokapu ndefu za mbele huzama sana, na hiyo si hitilafu, lakini ni lazima uizoee.

Ukikuta msongamano, usiukimbie. Kaa humo. Joto la injini linaelekea wapi, mapajani au nyuma ya mguu wa kulia?

Kuhusu siti, robo saa haisemi kitu. Siti laini sana hupendeza dukani. Dalili ninayoiamini ni kujisogeza: ukianza kuhama huku na huku kabla ya nusu saa, itakusumbua siku nzima. Kama huwa unabeba mtu, njoo naye. Abiria ana maoni yake juu ya kanyagio na pa kushika, na maoni hayo utayasikia kila safari.

Usipoteze hata dakika moja kuunganisha simu na dashibodi. Hilo utalifanya nyumbani.

Ikiwa imeshatumika

Mwambie mwenye mali asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini baridi ndiyo inayosema kweli kuhusu betri, moshi na kelele za kuamka.

Pikipiki za aina hii huanguka, na kuanguka peke yake si kosa. Ncha za usukani, vipini vya klachi na breki, na gadi za pembeni vitakuonyesha mikwaruzo. Mimi hulala chini na tochi kuangalia bati la kukinga injini: likiwa limebonyea kwa ndani, nafuatilia mpaka juu kama kuna oili inayovuja. Pangusa miguu ya shokapu za mbele, bana breki ya mbele na kuisukuma chini mara kadhaa. Ukiona pete ya oili, sili zimechoka. Gurudumu la mbele likiwa hewani, zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukinasa katikati kama kwenye kijishimo, beringi za shingo zinataka kubadilishwa. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi: zilizokazwa hulia kwa mlio wa juu, iliyolegea hutoa sauti butu. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi. Ikiachana na meno mpaka unaona mwanga, imekwisha, na meno yaliyopinda kama ndoana yanasema hivyo hivyo. Angalia fremu ya nyuma pale masanduku yanapofungwa, kwa kuwa mizigo mizito kwenye njia mbovu huleta nyufa hapo.

Tairi ina tarehe yake. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya fremu ilingane na ya kwenye karatasi, na hili lifanye kabla ya kupanda, usijaribu mali usiyoijua ni ya nani.

Ukirudi

Nenda pembeni uandike kabla muuzaji hajaanza kuongea. Andika yaliyokuuma na yaliyokutisha. Yaliyokufurahisha utayakumbuka tu. Tenganisha yanayorekebishika, kama siti, usukani, kioo na tairi, na yasiyorekebishika, kama uzito, upana wa tangi na rimu ya mbele. Orodha ya pili ikiwa na hata jambo moja kubwa, mimi sinunui.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake, jaribu iliyo ndogo kuliko uliyoitamani. Kama umetoka kwenye ya sisi 1,200, panda ya 700. Kama umetoka kwenye ya 700, panda Himalayan, au Honda NX500 yenye sisi 471. Fanya duara zile zile na usimame kwenye mteremko ule ule. Usilinganishe nguvu, linganisha ni ipi uliyoacha kuifikiria ukiwa juu yake.

Na kabla ya kurudisha ufunguo, ukiwa umeshachoka na mikono imeanza kulegea, iegeshe pua ikitazama chini ya mteremko, shuka, vua glavu, pumzika. Kisha itoe hapo kinyumenyume bila kumwita mtu. Ikikushinda, rudia ukiwa umekaa juu yake. Ikikushinda tena, mrudishie mwenye duka ufunguo umshukuru, na uende ukaangalie ile ndogo.